Tumechorewa X nyekundu ukutani: je, siku 14 zatosha kututoa nyumbani?

SWALI

Assalaam aleikum wahariri,

Nakaa Changamwe, Mombasa, kwenye kijiji kilicho juu ya ardhi ya shirika moja la serikali. Tulijenga mwaka 1998, mimi na marehemu mume wangu: vyumba vitatu vya matofali, mabati juu, choo cha shimo nyuma. Kimoja nalala mimi, mamangu ambaye sasa haoni vizuri, na binti yangu wa kidato cha nne. Viwili nimepangisha, KSh 2,500 kila kimoja, na ndiyo karo yenyewe.

Juzi Jumatatu walikuja vijana na mkebe wa rangi nyekundu, pamoja na askari wawili. Walichora X kwenye kila nyumba na kuandika namba chini yake. Yangu ni 147. Kisha wakabandika karatasi kwenye nguzo ya stima karibu na msikiti: sisi ni "wavamizi", tuna siku 14 za kuondoka, na baada ya hapo shirika halitawajibika kwa hasara yoyote. Hakuna aliyeitisha mkutano. Siku ya pili akaja mtu anayesema katumwa na ofisi, ana fomu za kutia sahihi: ukikubali kuhama kwa hiari unapewa KSh 20,000. Majirani kadhaa wametia. Mwenyekiti wetu naye anakusanya KSh 1,000 kila nyumba za kumlipa wakili, risiti hatoi.

Hizo siku 14 ni za sheria? Hatuna hati ya ardhi, sasa twende kortini kudai nini? Wapangaji wangu niwahusishe, au hili ni langu peke yangu? Na kuna kijana hapa anasema makazi ni haki ya binadamu, tuandikie Umoja wa Mataifa watuokoe. Ni kweli?

Mama wa Nyumba 147

JIBU

Waaleikum salaam, Mama.

Usitie sahihi hiyo fomu. Mengine yote hapa chini yanaweza kungoja hadi umalize kusoma, hilo haliwezi. Ukishatia sahihi kwamba unahama kwa hiari, wakili wa shirika atamwambia jaji kwamba hapa hakuna anayefurushwa: watu wamekubaliana na wamelipwa. Majirani waliokwisha kutia wasijifiche. Waandike barua fupi leo, kila mmoja yake, waseme ni siku gani, waliambiwa nini, kama walisomewa fomu kwa lugha wanayoielewa, kama walipewa nakala, na kwamba wanaondoa ridhaa yao. Ipelekwe ofisini kwa shirika, na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokewa. Bila ule muhuri barua yenu haipo.

Sasa siku 14. Hazipo popote kwenye sheria ya Kenya kwa hali kama yenu. Sheria ya Ardhi ya 2012 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2016 na ikaongezewa vifungu 152A hadi 152I, vyote kuhusu kuwatoa watu kwenye ardhi. Kwa ardhi ya umma, kifungu cha 152C kinataka uamuzi wa kuwaondoa watu utangazwe na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kwa maandishi, katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika gazeti moja linalosomwa nchi nzima, na redioni kwa lugha ya mahali pale inapofaa. Yote hayo angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kuondolewa. Karatasi iliyobandikwa nguzoni na shirika lenyewe, kwa siku 14, imekosea mtoaji, imekosea njia na imekosea muda.

Hiyo karatasi msiichane. Ipigeni picha ikiwa bado pale nguzoni: moja ya mbali inayoonyesha msikiti na nyumba, nyingine ya karibu kiasi cha kusomeka tarehe, namba ya kumbukumbu, jina na cheo cha aliyetia sahihi, na hasa namba ya kiwanja kama imetajwa. Namba ya kiwanja ndiyo itakayowawezesha kufanya upekuzi rasmi kwenye masijala ya ardhi na kujua jina lililoandikishwa. Ufanyeni hata kama kila mtu mtaani anajua ardhi ni ya nani. Mara nyingi ardhi inayoitwa ya shirika hukutwa imeshapita kwa kampuni binafsi au mfuko wa pensheni, kisha watu wanashtaki asiye mmiliki. Wakazi wa Muthurwa, Nairobi, walipokwenda kortini mwaka 2010, upande wa pili walikutana na wadhamini wa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli.

Upekuzi ukionyesha ni ardhi ya mtu binafsi, kifungu kinabadilika, kinakuwa 152E. Miezi mitatu inabaki ile ile. Ilani iwe ya maandishi, kwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Watu wakiwa wengi itangazwe katika magazeti mawili ya kila siku na kubandikwa mahali pasipopungua patano ndani ya ardhi yenyewe. Tena lazima naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo wapewe nakala. Ulizeni kwenye ofisi hizo mbili kama nakala ilifika. Jibu la "hatujaona kitu", likiandikwa kwa barua, ni ushahidi mzuri.

Tukija kwenye hati. Hapa tutakwambia jambo ambalo mwenyekiti wenu huenda hatalipenda: kukaa miaka mingi kwenye ardhi ya umma hakuwafanyi mmiliki. Ile kanuni ya miaka 12 ambayo watu huisema sana mitaani, ya kumiliki ardhi kwa kuikalia bila kupingwa, iko kwenye Sheria ya Ukomo wa Muda, na sheria hiyo hiyo inasema haigusi ardhi ya serikali. Mkienda kortini kudai umiliki kwa njia hiyo mtashindwa, na kesi nzuri itakuwa imeharibiwa na dai bovu.

Mnachodai ni makazi. Ibara ya 43(1)(b) ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayofaa, pamoja na viwango vya kuridhisha vya usafi. Inasema kila mtu, haisemi kila mwenye hati. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, inayojulikana kwa jina la chama chao, Mitu-Bell. Majaji walisema kwamba watu wasio na ardhi wanapokaa kwenye ardhi ya umma na kuweka makao, hawapati hati, ila wanapata haki ya makazi inayolindwa na sheria. Haki hiyo inakomaa kwa ukaaji wa muda mrefu wa watu waliojenga nyumba na kulea familia hapo. Serikali ikiwa ni lazima iwaondoe, mahakama inaweza kuamuru ilani ya kutosha, utu wakati wa kuondolewa, fidia, au ardhi mbadala. Wewe uliyejenga 1998 na kulea mtoto hapo umo ndani ya maneno hayo. Kuitwa mvamizi kwenye karatasi hakukutoi.

Swali lako la wapangaji ni zuri, na wengi waliojenga hawaliulizi. Wahusishe, wote. Haki ya Ibara ya 43 ni ya anayelala ndani ya chumba, na wapangaji wako wawili wanayo sawa na wewe. Ukiwaacha nje, mambo mawili huharibika. Kwanza, shirika litasema walalamishi ni wenye nyumba za biashara wanaolinda kodi, na jaji atasikiliza. Pili, ikija siku ya orodha ya fidia, anayehesabiwa huwa ni mwenye mabati peke yake, mpangaji anatoka na godoro kichwani. Sema wazi kwenye hati yako ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi utakayoyaapia kwa ajili ya mahakama, kwamba umepangisha vyumba viwili na kwa bei gani. Ukificha na upande wa pili ukafichua, hata yaliyo kweli katika kiapo chako yatatiliwa shaka.

Kazi ya wiki hii ni daftari. Chukueni daftari la kurasa ngumu na wawili wenye mwandiko mzuri, wapite nyumba kwa nyumba wakifuata zile zile namba nyekundu (rangi yao imewarahisishia kazi). Kila nyumba iandikwe: namba, jina la mkuu wa kaya na namba ya kitambulisho, mwenye nyumba au mpangaji, mwaka aliohamia, watu wangapi, watoto wa shule na darasa lao, wajawazito, wazee, wagonjwa, wenye ulemavu. Kila mkuu wa kaya atie sahihi kwenye mstari wake. Mamako aandikwe kwa tatizo lake la macho, kwani Ibara za 54 (wenye ulemavu) na 57 (wazee) zinamhusu. Binti yako aandikwe na mwaka wake wa mtihani.

Kando ya daftari, kila kaya iwe na bahasha yake. Tia nakala za vitu vinavyoonyesha tarehe na mahali: kadi za kliniki za watoto, risiti za maji, meseji za tokeni za stima, barua ya shule, kadi ya mpiga kura, risiti ya mabati kama bado unayo. Barua ya mzee wa mtaa ni nyongeza tu, usiitegemee peke yake, kwani mzee huyo huyo anaweza kuitwa na wakubwa na kuikana.

Piga picha za nyumba ndani na nje. Pima kila chumba kwa futi kamba ikiwa imelazwa sakafuni, namba zionekane kwenye picha. Hesabu vifaa: mabati mangapi na ya geji gani, milango, madirisha, mbao za paa, tangi la maji. Ukiandika "nyumba yangu ya thamani kubwa" jaji hana la kufanya nayo. Ukiandika "mabati 24 ya geji 30, milango 3 ya mbao, sakafu ya saruji" ana kitu cha kupigia hesabu. Picha za simu zina sharti lake kortini: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ni kifaa gani kilichotumika, nani alipiga, na picha zilitolewaje hadi kuchapishwa. Ni ukurasa mmoja tu, lakini ukisahaulika picha zote zinaweza kukataliwa. Kwa hiyo mpige nyote kwa simu moja au mbili, wapigaji wajulikane, na zile za asili zisifutwe.

Mahakama yenu ni ya Mazingira na Ardhi, hapo Mombasa. Wengine hukimbilia Mahakama Kuu kwa sababu ni suala la katiba, kisha wiki mbili zinaishia kubishania kesi isikilizwe wapi, na tingatinga halingoji. Mtawasilisha petisheni, na pamoja nayo ombi la amri ya muda likiwa na cheti cha dharura na hati ya kiapo. Ombi la dharura jaji anaweza kulisoma na kutoa amri kabla upande wa pili haujasikizwa, kisha akapanga tarehe ya kuwasikiliza wote. Msingoje siku ya 13. Jaji huuliza: ilani mliiona lini, na mlifanya nini tangu hapo?

Washtakiwe wote ambao mikono yao inahitajika ili nyumba ianguke: shirika, Tume ya Kitaifa ya Ardhi, Inspekta Jenerali wa Polisi, Mwanasheria Mkuu, na serikali ya kaunti kama wale askari wawili walikuwa wake. Ukimsahau mwenye polisi, afisa atakayekuja asubuhi na lori atakwambia amri haimtaji.

Mnaomba nini? Kifungu cha 152F kinairuhusu mahakama kuifuta ilani, kuibadilisha, kuisimamisha kwa muda, au kuamuru fidia. Ombeni hayo, halafu ongezeni tamko kwamba Ibara za 28 (utu), 43 (makazi), 47 (uamuzi wa haki wa ofisi za serikali) na 53 (watoto) zimevunjwa. Ombeni pia amri kwamba shirika likae na wakazi, litoe mpango wa kuwahamishia pengine, na liripoti mahakamani baada ya muda fulani. Katika Mitu-Bell Mahakama ya Juu ilikubali kwamba amri za namna hiyo, zinazoirudisha serikali mbele ya jaji kueleza imefikia wapi, ni halali. Na fidia itajwe tangu mwanzo, hata kama nyumba bado zimesimama. Mwaka 2011 Mahakama Kuu iliamuru wakazi wa Medina, Garissa, waliobomolewa Desemba 2010, warudishwe na walipwe KSh 200,000 kila mmoja.

Amri ikitoka, kazi ya nusu ndiyo imebaki. Mitumba walikuwa na amri ya mahakama mkononi, na kijiji kikabomolewa Novemba 2011 hivyo hivyo. Kwa hiyo siku ile ile amri ichapwe, igongwe muhuri wa mahakama, iwe na onyo la adhabu ya kudharau mahakama, na ipelekwe kwa mkono kwa shirika, kamishna wa kaunti na kituo cha polisi, ikaandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Chukueni namba ya OB. Aliyepeleka aape hati ya kiapo kwamba amefikisha, saa ngapi, na nani alipokea. Nakala nyingine zikae kwa watu watano tofauti mtaani, kwenye plastiki, wala zisifungiwe kabatini kwa mwenyekiti.

Wakija kabla ya amri, au mahakama ikikataa, bado kuna kifungu cha 152G. Wanaobomoa lazima wajitambulishe na waonyeshe kibali. Maafisa wa serikali wawepo. Nguvu isizidi inayohitajika, wazee na watoto waangaliwe, mali inayobaki ilindwe, na wakazi wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa vifaa vyao. Hilo la mwisho lidaini kwa sauti: bati lililong'olewa misumari kwa utaratibu huezekwa tena, lililopitiwa na tingatinga huuzwa kwa kilo. Mtu mmoja apige picha kutoka mbali, asibishane na mtu.

Kijana wenu kuhusu Umoja wa Mataifa amepatia nusu. Makazi ni haki ya binadamu tangu Tamko la 1948, Ibara ya 25, na kwa nguvu ya mkataba katika Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972. Ibara ya 2(6) ya Katiba inaufanya mkataba huo sehemu ya sheria ya Kenya. Kamati ya mkataba ilifafanua kufurushwa kwa nguvu katika Maelezo ya Jumla namba 7 ya mwaka 1997: watu washauriwe kwa dhati, wapewe ilani na habari za matumizi mapya ya ardhi, wasitolewe usiku wala kwenye hali mbaya ya hewa bila ridhaa yao, na asiachwe mtu bila makao. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2007 inaongeza kwamba watu wasifurushwe wakati wa mitihani ya shule au karibu yake. Mtaje binti yako hapo.

Ila vitumieni kwa mpangilio. Mahakama ya Juu ilisema miongozo hiyo haifungi kama sheria, inamsaidia jaji kuielewa Ibara ya 43 na kujaza palipo pengo. Petisheni inayoanza na Umoja wa Mataifa kule Geneva na kuimalizia Katiba ukurasa wa tisa imesimama kichwa chini. Anzeni na Katiba, kisha Sheria ya Ardhi, kisha mkataba, miongozo mwisho. Barua kwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa inaweza kuandikwa, lakini haisimamishi tingatinga la Jumatatu. Mahakama ya Afrika kule Arusha haiwapokei moja kwa moja, kwani Kenya haijatoa tamko la kuruhusu watu binafsi; Waogieki, jamii ya msitu wa Mau, walifika huko kupitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki inapokea watu binafsi, ila ina muda wa miezi miwili tu tangu kitendo, na watu wengi huukumbuka ukiwa umepita.

Kinachosaidia zaidi kimataifa ni kujua pesa za mradi zinatoka wapi. Ukiwa unafadhiliwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, masharti ya mkopo yanataka mpango wa kuhamisha watu uwe tayari kabla ya kuguswa, na wasio na hati nao hulipwa nyumba zao na kusaidiwa kuhama. Liandikieni shirika leo kuuliza mradi ni upi na mfadhili ni nani, kwa Ibara ya 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu, kwa hiyo msingoje jibu ndipo mwende kortini. Kimya chao nacho kinaambatishwa kwenye kiapo.

Kuhusu zile KSh 1,000. Ibara ya 22 inasema hakuna ada inayotozwa kwa kufungua kesi ya haki za kimsingi, na mahakama inaweza kupokea hata nyaraka zisizo rasmi. Gharama zilizopo ni za kuchapa, kuapisha, upekuzi na nauli, na zinahesabika. Mwambieni mwenyekiti mbele ya watu afungue kitabu cha risiti, ateuliwe mwekahazina mwingine, na jina la wakili litajwe ili mlithibitishe kwa Chama cha Mawakili. Kabla ya kulipa yeyote, pitieni Kituo cha Sheria, ambao wana ofisi Mombasa na wamezoea kesi za ardhi na makazi, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Nendeni watu watatu, mmoja awe mpangaji, na mbebe picha ya ile karatasi, daftari hata kama halijakamilika, na moja ya zile fomu za kuhama kwa hiari.